Kikombe cha Nani?

Anayefuata maelekezo ya keki kutoka Marekani hukutana na neno kikombe kabla hajafika mstari wa tatu: vikombe viwili vya unga, kimoja cha sukari, robo tatu ya kikombe cha maziwa. Neno lenyewe ni la nyumbani kabisa, halitishi. Basi anafungua kabati, anachukua kikombe cha chai, anachota. Kumbe kikombe kile kinaweza kujaa kwa mililita 150, cha jirani yake kwa 300, na mwandishi wa maelekezo yale hakukusudia hata kimoja kati ya hivyo viwili. Alikusudia kipimo rasmi cha kwao, nusu painti ya Marekani, ambacho ni mililita 236.6. Keki ikitoka ngumu kama tofali, lawama huangukia jiko, au mayai, au mtu aliyefungua oveni kabla ya wakati. Kikombe hakishukiwi, kwa sababu jina lake lilikuwa sahihi.

Ushauri kuhusu kubadilisha vipimo kwa kawaida huja kama jedwali: upande huu galoni, upande ule lita, na katikati namba yenye tarakimu sita. Jedwali halina kosa. Kosa ni kudhani kwamba kazi iliyopo ni ya hesabu. Kuzidisha si tatizo tena kwa yeyote. Hata kitochi kina kikokotoo. Kinachowaangusha watu ni jina. Galoni, painti, aunsi, kikombe, kijiko: kila moja ya majina haya limebeba vipimo viwili, vitatu au zaidi, na namba ya kuzidishia haijulikani mpaka ujue ni kipi kinachosemwa. Hoja ya makala hii basi ni kwamba anayetaka kutoka kwenye vipimo vya Marekani kwenda kwenye lita na mililita, au kurudi, aulize maswali mawili kabla ya kugusa kikokotoo. La kwanza: ni kipimo cha nani? La pili: ni kipimo cha nini? Hesabu ni ya tatu, na ndiyo rahisi kuliko zote.

Vurugu hii ilianzia Uingereza, si Marekani. Mwanzoni mwa karne ya 18 Waingereza walikuwa na galoni kadhaa kwa wakati mmoja. Kulikuwa na ya mvinyo, iliyowekwa kisheria zama za Malkia Anne kuwa inchi za ujazo 231; ya bia, inchi 282; na ya nafaka, karibu inchi 268.8. Makoloni ya Amerika yalirithi mkusanyiko huo, na yalipojitawala yakaendelea na galoni ya mvinyo kwa vimiminika na ile ya nafaka kwa vitu vikavu. Kisha mwaka 1824 Waingereza wenyewe wakafagia nyumba. Sheria mpya ilizifuta galoni zote za zamani ikaweka moja tu, ujazo wa maji yenye uzito wa ratili 10. Hiyo ndiyo galoni ya kifalme, lita 4.546. Ya Marekani ilibaki pale ilipoachwa na Malkia Anne, lita 3.785. Mmarekani anayechekwa kwa galoni yake ndogo ana haki ya kujibu kwamba yeye hakubadilisha kitu. Waliobadilisha ni wakubwa zake wa zamani. Juu ya hayo, painti ya kifalme hugawanywa aunsi 20, na ya Marekani 16. Matokeo yake yanachekesha: painti ya Uingereza ni kubwa, mililita 568 dhidi ya 473, lakini aunsi ya ujazo ya Uingereza ni ndogo, mililita 28.4 dhidi ya 29.6. Aliyekariri kwamba vipimo vya Uingereza siku zote ni vikubwa kuliko vya Marekani atakwenda vizuri mpaka afike kwenye aunsi.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili halikuwa la mbali. Galoni iliyokuja na utawala wa Waingereza Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilikuwa ya kifalme, na mzee anayekumbuka petroli ikiuzwa kwa galoni anakumbuka lita nne na nusu. Lakini mafuta ya taa ya Marekani yalisafirishwa duniani katika makasha ya mbao yenye makopo mawili ya bati, kila kopo galoni 5 za kwao. Kopo la aina hiyo katika nchi za Waingereza likahesabiwa kuwa la galoni 4, na ndivyo kamusi za zamani zilivyolieleza neno debe. Galoni 5 za Marekani ni lita 18.9, galoni 4 za kifalme ni lita 18.2. Bati lile lile, namba mbili, na leo sisi tukisema debe wengi wetu tunafikiria lita 20. Pipa la chuma nalo lina hadithi hiyo hiyo: Mmarekani huliita la galoni 55, Mwingereza la 44, na sisi la lita 200. Kwa anayenunua gari tofauti hii si ya makumbusho. Tangazo linalosema gari linakwenda maili 30 kwa galoni lina maana ya kilomita 12.75 kwa lita kama limeandikwa Marekani, na kilomita 10.6 tu kama limeandikwa Uingereza.

Ukishajua kwamba chanzo chako ni cha Marekani, mzigo unakuwa mwepesi. Galoni moja ina kwati nne, kwati ina painti mbili, painti ina vikombe viwili, kikombe kina aunsi nane, aunsi ina vijiko vikubwa viwili, na kijiko kikubwa kina vijiko vya chai vitatu. Isipokuwa hatua ya mwisho, kila hatua ni kugawa kwa mbili, au kwa mbili mara kadhaa. Kwa hiyo hakuna haja ya kukariri namba sita. Kariri moja: kwati ni mililita 946, lita iliyopungukiwa kidogo. Igawe mara mbili upate painti, 473. Igawe tena upate kikombe, 237. Nusu kikombe ni 118, robo kikombe ni 59, na nusu ya robo hiyo ni aunsi moja, karibu 30. Kijiko kikubwa ni 15 na cha chai ni 5, kwa jikoni hiyo inatosha kabisa. Angalizo ni moja tu hapa: usizidishe namba uliyokwisha kuikata. Aunsi ikihesabiwa mililita 30 haina madhara kwenye sufuria, lakini galoni ina aunsi 128, na 128 mara 30 ni 3,840, yaani umezua mililita 55 ambazo hazipo. Anza na namba kamili ya kipimo ulichonacho, badilisha mara moja, na ukate mwishoni.

Hata ndani ya nchi zinazotumia mililita, kikombe si kimoja. Vitabu vya mapishi vya Australia, New Zealand na Canada ya leo hutumia kikombe cha mililita 250. Lebo za lishe za Marekani zenyewe huhesabu kikombe kuwa 240, kwa sababu sheria ya lebo ilitaka namba ya mviringo. Kijiko kikubwa cha Australia ni mililita 20, si 15, na hiyo ni tofauti ya theluthi nzima. Ukiingiza chumvi kwa kijiko hicho kwenye maelekezo ya Boston, mlaji atajua. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama katika maelekezo yoyote ni mwandishi ametoka wapi. Dalili huwa wazi. Anayetaja joto la oveni la digrii 350 ni wa Farenihaiti, na karibu hakika ni Mmarekani. Anayepima siagi kwa vijiti ni Mmarekani bila shaka, na kijiti kimoja ni nusu kikombe, gramu 113. Anayeandika 180 na gramu huhitaji kumbadilisha.

Swali la pili, kipimo cha nini, linaanza na aunsi. Marekani wana aunsi ya ujazo, mililita 29.57, na aunsi ya uzito, gramu 28.35. Kwa maji na maziwa zinakaribiana mno hata mtu akidhani ni kitu kimoja hataadhibiwa, na hapo ndipo tabia mbaya inapojengeka. Chukua asali. Kikombe kimoja cha asali ni aunsi 8 kwa ujazo, lakini ukikiweka kwenye mizani kinafika aunsi 12. Maelekezo yakitaka aunsi 8 za jibini laini, yanataka uzito, gramu 227, na kuisukumia jibini hiyo kwenye kikombe cha maji ni kupoteza muda. Kwenye makopo na chupa tofauti imeandikwa: fl oz ni ujazo, oz peke yake au pamoja na Net Wt ni uzito. Katika mapishi ya mtandaoni haikuandikwa, kwa sababu mpishi wa kule anajua. Kanuni inayosaidia ni kwamba kinachomiminika huwa ni ujazo na kinachokatwa au kurundikwa huwa ni uzito, ingawa asali, siagi iliyoyeyushwa na mtindi mzito vitakulazimisha usome mara mbili.

Baada ya aunsi kuna unga, na mabadiliko ya vipimo yanayouzwa kama hesabu huishia hapo. Kikombe cha Marekani cha unga wa ngano, ukichekechwa au kuchotwa taratibu kwa kijiko na kusawazishwa kwa kisu, kina gramu 120 hivi. Mtu yule yule akizamisha kikombe ndani ya mfuko na kukigonga mezani, anapata gramu 150 bila kujua. Hiyo ni robo nzima ya ziada. Linganisha na tofauti kati ya kikombe cha Marekani na cha mililita 250: haifiki asilimia 6. Mtu anaweza kuhangaika na nukta za mililita jioni nzima, kisha akaharibu kazi yote kwa namna alivyochota. Ndiyo maana kwa vitu vikavu jibu sahihi la "kikombe ni mililita ngapi" ni kuliacha swali hilo na kwenda kwenye gramu: unga 120, sukari nyeupe 200, siagi 227. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza mjadala ambao kikokotoo hakiwezi kuumaliza.

Wapwani walilijua jambo hili zamani, na walikuwa na maneno yake. Nafaka ilipimwa kwa kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, vinne ni pishi. Lakini muuzaji na mnunuzi walipaswa kukubaliana jambo moja zaidi: kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafanya kilima, au kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo. Chombo kilikuwa kimoja na vipimo vilikuwa viwili. Marekani walichelewa kidogo kuliandika hilo kwa ajili ya jikoni. Fannie Farmer, katika kitabu chake cha mapishi kilichotoka Boston mwaka 1896, ndiye aliyewazoesha wapishi wa kule kwamba kikombe na kijiko vipimwe vikiwa vimesawazishwa, na tangu hapo kila kikombe cha mapishi ya Marekani ni cha mfuto isipokuwa pale inaposemwa vingine. Sisi tuliobaki na tele tumebaki nayo hasa sokoni, kwenye sado la mahindi linalopandishwa kichuguu na kwenye gunia la lumbesa ambalo mkulima hulipwa kama gunia la kawaida. Tele inampendeza anayepokea. Kwenye keki haimpendezi mtu.

Hapa kuna pingamizi lenye uzito, na halipaswi kupitwa haraka. Bibi zetu walipika maandazi, mikate ya kumimina na visheti bila mililita wala gramu, na hakuna aliyelalamika. Ni kweli, na sababu yake inaeleweka. Aliyepima kila kitu kwa kikombe kile kile alikuwa anapima uwiano. Vikombe vitatu vya unga kwa kimoja cha tui hubaki tatu kwa moja, kikombe kiwe cha 150 au 300. Kinachobadilika ni idadi ya maandazi. Mkono wake uliozoea unyevu wa donge ulirekebisha yaliyosalia. Kwa hiyo ukitumia kikombe chako cha kabatini kwa viungo vyote vya maelekezo ya kigeni, uko salama kuliko unavyodhani. Uwiano huo huvunjika pale kinapoingia kitu kisichopimwa kwa kikombe. Mayai huhesabiwa. Pakiti ya hamira ya Marekani ina gramu 7, haijali kikombe chako. Siagi huja kwa kijiti na kopo la maziwa kwa aunsi. Ukitumia kikombe cha 300 na mayai mawili, unga umeongezeka na mayai yamebaki yale yale, tena mayai ya kienyeji ambayo kwa kawaida ni madogo kuliko yale makubwa ya dukani ambayo mwandishi wa Marekani anayafikiria. Bibi hakuwa na tatizo hilo kwa sababu maelekezo yake, kikombe chake na kuku wake vilikuwa vya nyumba moja.

Pingamizi la pili ni la kisasa: simu inajua yote, kwa nini kujisumbua? Simu hujibu ulichoiuliza. Ukiandika galoni bila kusema ya nani, itachagua yenyewe, mara nyingi ya Marekani, na haitakuuliza kama kitabu kilichoko mkononi mwako kilichapishwa London. Ukiandika kikombe cha unga itakupa mililita, kwa uaminifu na bila faida. Tena itakupa 236.588, na tarakimu hizo tatu za mwisho zinampa mtu imani kwamba amefanya jambo la kitaalamu wakati chombo chake hakitofautishi 235 na 240. Namba ndefu haimwokoi aliyechagua kipimo kisicho chake.

Ushahidi wa hilo ulioandikwa vizuri kuliko wowote unatoka angani. Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767, safari namba 143 kutoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa, iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000. Geji za mafuta zilikuwa hazifanyi kazi, kwa hiyo mafuta yaliyokuwamo yalipimwa kwa vijiti vya kupimia tangini: lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Canada ilikuwa inahamia kwenye vipimo vya metriki, na 767 ilikuwa ndege ya kwanza ya shirika hilo kuhesabu mafuta kwa kilo. Nyingine zote zilitumia ratili. Ili kugeuza lita kuwa uzito walizidisha kwa 1.77, namba iliyokuwa imeandikwa kwenye karatasi za mafuta. Wakapata 13,597, wakaitoa kwenye 22,300, wakagawanya baki kwa 1.77 tena, wakaongeza lita 4,916. Hesabu hiyo ukiirudia leo utaona haina kosa hata moja la kuzidisha wala kutoa. Ila 1.77 ni ratili kwa lita. Ya kilo ni 0.803 hivi, na kwa namba hiyo zilihitajika lita zaidi ya 20,000. Ottawa walipima tena, wakazidisha tena kwa 1.77, wakaridhika tena. Rubani Bob Pearson, ambaye kwa bahati njema alikuwa mzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini, aliiteremsha kama kishada kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, Manitoba, na watu wote 69 waliokuwamo wakatoka hai.

Ninakaa kwenye kisa hiki kwa sababu ya jambo ambalo lingeweza kuonwa na mtu yeyote aliyewahi kumwaga mafuta kwenye maji. Mafuta huelea. Kinachoelea ni chepesi kuliko maji, na lita ya maji ni kilo moja. Basi lita ya mafuta haiwezi kuwa kilo 1.77, lazima iwe chini ya moja. Namba ile ilikuwa inapiga kelele kwenye karatasi, na ukaguzi wa Ottawa haukuisikia kwa sababu ulirudia hesabu badala ya kuhoji jina lililokuwa nyuma ya namba. Kukagua kwa kurudia njia ile ile ni kujithibitishia kosa. Ukishapata jibu lako la lita au mililita, usilizidishe tena. Liweke kando ya kitu unachokijua kwa macho. Galoni lazima itoke pungufu kidogo ya lita nne. Kikombe lazima kitoke karibu ya robo lita. Kijiko cha chai kikitoka mililita 15, kuna mahali umechanganya.

Shambani hesabu ni nyepesi ila gharama ya kukosea huonekana baada ya wiki. Miongozo ya Marekani ya mbolea za maji huandika aunsi kadhaa za ujazo kwa galoni. Aunsi moja kwa galoni ni sehemu moja kwa 128, na kwa bomba la kupulizia la lita 16 hiyo inakuja mililita 125 kamili, namba nzuri ajabu. Aliyedhani galoni ni ile ya babu yake ya kifalme, yenye aunsi 160, angeweka 100 na kushangaa mbona mboga hazionyeshi dalili. Kwa dawa za wadudu sitoi mfano, na kwa makusudi: kila dawa iliyosajiliwa nchini ina lebo yake ya mililita na lita, na lebo hiyo ndiyo ya kufuata, hata kama mtandaoni kuna mkulima wa Iowa anayesema vingine.

Dawa za watoto ndizo zinazonifanya nisikubali kabisa pingamizi la tatu, lile lisemalo kwamba tofauti hizi ni ndogo na watu wanakuza mambo. Kwenye pilau, asilimia 6 si kitu. Kwenye dawa, kosa la kawaida si la asilimia 6. Vifupisho vya Kiingereza vya kijiko cha chai na kijiko kikubwa vinatofautiana kwa herufi moja, na anayesoma kimoja badala ya kingine anampa mtoto dozi mara tatu. Vijiko vya nyumbani navyo havilingani. Kijiko cha kukorogea chai hakikutengenezwa na mtu aliyefikiria mililita 5. Ndiyo maana chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, American Academy of Pediatrics, mwaka 2015 kilitaka dawa za maji za kunywa ziandikwe na kupimwa kwa mililita tu. Nchi ya vikombe na aunsi, ilipofika kwa mtoto mgonjwa, ilichagua metriki.

Ndugu walioko Minneapolis au Toronto hutuma dawa nyumbani, na hapo mililita peke yake haitoshi. Dawa ya homa ambayo kwetu ni parasetamoli, kule Marekani huandikwa asetaminofeni. Ni dawa ile ile. Ya maji ya watoto iliyozoeleka kwenye maduka yetu ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Ya Marekani ina 160 katika mililita hizo hizo. Kijiko ni kimoja, ujazo ni mmoja, na dawa iliyoingia tumboni imezidi kwa theluthi. Hakuna jedwali la galoni na lita litakaloonyesha hilo, kwa sababu si ujazo uliobadilika bali kilichomo. Ukipokea chupa kama hiyo, mpelekee mfamasia, mwambie uzito wa mtoto, muombe akuandikie mililita, na upime kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe kidogo kilichokuja na chupa hiyo, si cha chupa nyingine.

Lakini mara nyingi huna haja ya kubadilisha chochote. Marekani waliruhusu metriki kisheria tangu 1866, na tangu miaka ya 1990 bidhaa nyingi za dukani kule zinalazimika kubeba vipimo vyote viwili. Chupa inayosema 16 fl oz imeandika 473 mL kando yake. Dumu la galoni limeandika 3.78 L. Soda zao kubwa ni za lita 2 na mvinyo wao ni wa mililita 750, na hakuna Mmarekani anayehisi amesaliti nchi akizinunua. Igeuze chupa usome upande wa pili kabla ya kuchukua simu.

Kwa jikoni kwako, kazi moja ya dakika tano inatosha. Seti za vikombe vya kupimia zinazouzwa madukani huja za aina zote, na nyingine zimeandikwa kikombe 1 bila kusema cha nani. Chukua chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita ambayo haijafunguliwa, imimine kwenye kikombe hicho mpaka ukingoni, mwaga kwenye sufuria, jaza tena. Maji yakiisha pamoja na kikombe cha pili, ni cha mililita 250. Yakibaki kwenye chupa kiasi kinachokaribia vijiko vikubwa viwili, ni cha Marekani. Chupa si chombo cha maabara, lakini kwa tofauti hii haidanganyi. Kisha kausha kikombe, kigeuze, na kwa rangi ya kucha andika kwenye kitako chake 250 au 237.